Mbu Hawasomi Ramani

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa niaba ya mama, kwa niaba yangu, na kwa niaba ya uchochoro mzima, au niseme kile kilichobaki cha uchochoro. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha mwanao wa pili kimepoa. Sisi afya tunayo. Goti la mama linamsumbua anapopanda zile ngazi tatu za mlangoni, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na leo amenifokea mara mbili kabla sijamaliza chai. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma.

Barua yako ilifika Jumatatu. Mama aliniomba nimsomee kwa sauti, nikamsomea, ila kuna sehemu niliyoiruka, na unaijua. Uliandika mambo mawili. La kwanza, kwamba Mungu hamtupi mja wake, kwa sababu nyumba arobaini na moja za kando ya ukanda zimepigwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa na yetu imeachwa, wakati baba alikufa akituambia kwamba yetu imo ndani ya ukanda. La pili, kwamba umesikia yule mzee amewekwa chumbani kwako, kwamba unakuja mwezi ujao na familia, na kwamba kila mtu abebe mzigo wake, kwa hiyo nimtafutie ndugu zake wamchukue kabla hujafika. Yule mzee. Hata jina tunalomwita hukuliandika.

Nilikasirika, Kaka. Nimekaa na hasira hiyo siku tatu nikitafuta namna ya kukujibu kwa adabu, maana wewe ni mkubwa wangu na ndiye uliyenishika mkono kunipeleka shule. Adabu nimeitafuta, nimepata kidogo, na hiyo kidogo imeishia kwenye salamu. Simu ningeweza kupiga, lakini wewe kwenye simu hukatisha maneno ya watu, na haya nataka uyapate yote mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu nasikia huko uliko unawaambia watu mdogo wako ni injinia wa jiji. Mimi si injinia. Ni mchoraji ramani katika ofisi ya mipango miji, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha manne ambayo hayajafunguka tangu nianze kazi. Nina meza ya kioo yenye taa chini yake. Naweka ramani ya zamani juu ya kioo, juu yake naweka karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, nawasha taa, kisha napitisha kalamu ya wino juu ya kila mstari. Jiji likitaka mpango mpya, hatuanzi na karatasi tupu hata siku moja. Tunaanza na mpango wa zamani, na huo wa zamani nao ulipitishwa juu ya mwingine uliokuwa kabla yake. Mchoraji mzuri haulizi maswali. Anapitisha kila anachokiona, kisha mkuu anaongeza vyake kwa penseli ya kijani, na mchoraji anavitia wino.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Rula, kwa kuwa hata kijiko cha chai hukilaza sambamba na ukingo wa meza. Ni mweusi kama mimi na wewe. Amezaliwa mitaa miwili kutoka kwetu, na sasa anakaa mtaa wa juu, kwenye kiwanja kinachoweza kumeza uchochoro wetu wote na kikabakiza nafasi ya mbwa.

Mwaka jana alinipa kazi ya kupitisha Mpango Mkuu mpya. Ramani niliyopewa ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, kipande kizima cha katikati ya jiji kimeliwa, na kipande hicho ndicho chenye ule ukanda wa majani unaoukumbuka, kati ya mtaa wa juu na mtaa wetu wa chini. Nikaenda kwenye kabati la chuma, droo ya chini kabisa ambayo haifunguki mpaka upige teke, nikatoa ile iliyokuwa kabla yake, na iliyokuwa kabla ya hiyo, mpaka nikafika kwenye mama yao wote. Imechorwa juu ya kitambaa kigumu. Pembeni mwake kuna maelezo kwa mkono, mwandiko mzuri wenye mikia, katika lugha ya wakoloni ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha kuisoma.

Yameandikwa hivi, nakufasiria bila kuongeza chumvi. Kwamba makazi ya watu weupe yawe juu, ya watu weusi yawe chini, huko upepo unakoelekea. Kwamba kati yao uachwe ukanda wa afya, usijengwe kitu, na upana wake uwe kadiri mbu awezavyo kuruka, ili mbu aliyemuuma mtu mweusi asimfikie mtu mweupe akiwa bado hai.

Nilicheka, Kaka. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka kuniangalia. Nilimwazia huyo mbu akifika kwenye mstari, anasimama, anasoma, anageuza. Mbu hawasomi ramani. Kisha nikaziweka zile tatu za zamani zilizo nzima na hii mpya juu ya kioo, moja juu ya nyingine, nikawasha taa, na kicheko kikaisha.

Mstari haujasogea hata unywele. Kila aliyepitisha aliacha maneno na kubeba mstari. Karatasi ya pili imeandikwa Ukanda wa Afya, mbu hayumo. Ya tatu, Eneo la Wazi. Ya nne, hii ya kwetu, Bwana Rula ameandika Ukanda wa Hewa Safi na kuagiza upakwe kijani. Mtaa wa juu uliitwa Daraja la Kwanza, sasa unaitwa Msongamano Mdogo. Sisi tulikuwa Daraja la Tatu, sasa ni Msongamano Mkubwa. Hata rangi hawakuona haya: mtaa wa juu unapakwa njano hafifu, sisi tunapakwa kahawia iliyokoza. Na sheria zote za daraja zimo vilevile ndani ya majina mapya. Juu, hakuna ruhusa ya kugawa kiwanja chini ya ekari moja, ndiyo maana waliopo huko mpaka leo ni wajukuu wa walewale waliochorewa, pamoja na weusi wachache wa aina ya Bwana Rula. Chini, bomba la maji machafu halina ruhusa ya kuunganishwa kwa yeyote. Bomba lenyewe, Kaka, linapita chini ya miguu yetu. Kinyesi cha mtaa wa juu kinapita chini ya uchochoro wetu kwa heshima zote, usiku na mchana, na cha kwetu hakina kibali cha kuingia.

Wewe na mimi tumekulia hapo. Uliugua tumbo la kuharisha mara ngapi? Mdogo wetu wa mwisho tulimzika kwa nini? Sisi tulidhani ni bahati mbaya. Baba alisema ni bahati mbaya. Ilikuwa ni ofisi.

Nilimpelekea Bwana Rula ile karatasi ya kitambaa. Niliisambaza mezani pake, nikamwonyesha mbu. Alisoma, akavua miwani, akaisafisha, akavaa tena. Akaniambia hayo ni mambo ya kale, sasa hivi ukanda una kazi nyingine, jiji linahitaji kupumua. Nikamwuliza kama jiji linapumua, kwa nini linapumulia juu ya nyumba za weusi tu. Alinijibu bila kuinua sauti: "Ramani haioni rangi ya mtu. Inaona ekari." Kisha akaniagiza niirudishe karatasi kwenye droo na nimalize kazi kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa sikiliza ekari zenyewe. Upande wa juu wa ukanda, klabu ya watu wa mtaa wa juu imejenga viwanja vya tenisi na mabanda ya farasi, ndani kabisa ya ukanda, bila kibali chochote. Katibu wa klabu alikuja ofisini, mama mmoja mweupe mwenye sauti ya upole, akanywa chai na Bwana Rula, na alipoondoka, mstari wa juu ulikuwa umepindishwa kwa penseli ya kijani ukazunguka viwanja vyote na mabanda yote kwa adabu. Pembeni Bwana Rula kaandika "rekebisha", akatia saini. Ila kuna kanuni: ukanda haupungui. Ukikata huku, unaongeza kule, hesabu ifunge. Kila ramani anaipima kwa kile kidude chake chenye gurudumu dogo, na ekari zikipungua hata robo anakurudishia kazi. Kwa hiyo alichokata kwa farasi alikiongeza kwetu, upande wa darajani. Nyumba kumi na tisa. Akatia saini na hapo. Mimi ndiye niliyezitia wino.

Miezi minne baadaye vijana wa jiji walipita na makopo ya rangi nyekundu. Nyumba arobaini na moja. Wenye nyumba wakapewa karatasi na siku thelathini za kuweka pingamizi, na asiyeweka anahesabiwa amekubali. Watu hawakulala. Fundi cherehani wa kona aliandika pingamizi za nusu ya mtaa kwa mkono wake mwenyewe, kidole kikavimba. Watu arobaini walipeleka. Mmoja hakupeleka, naye ni huyo unayemwita yule mzee.

Nikukumbushe jina lake, kwa kuwa umelisahau: Mama Mkasi. Ameitwa hivyo kwa sababu ya ule mkasi wake wa kukatia vitovu, anaouchemsha kwenye sufuria yake peke yake na haruhusu mtu hata akatie nao uzi. Mtaa wa chini hauna zahanati, hilo nalo liko kwenye ramani, kwa hiyo kwa miaka arobaini zahanati ilikuwa mikono yake. Mama alipokuzaa wewe, miguu ilitangulia. Baba alikuwa kazini, ndugu zetu wote walikuwa safari ya siku mbili, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama Mkasi alivuka uchochoro, hatua sita, akakuongoza taratibu kwa mikono, akakutoa mzima. Hiyo ndiyo hadithi anayotusimulia mama kila siku yako ya kuzaliwa, nawe huwa unacheka. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Hao ndugu unaotaka nimtafutie hawapo, Kaka. Walikuwa sisi.

Hakupeleka pingamizi kwa sababu alijua yuko nje ya ukanda. Unalikumbuka lile jiwe la mipaka pale uchochoroni, lenye msalaba uliochongwa juu, tulilokuwa tunakalia tukichambua mchele? Wote tulijua: walio upande wa juu wa jiwe wamo ndani, walio upande wa chini wako nje. Nyumba yetu iko juu ya jiwe. Yake iko chini. Watu walipomwambia aandikishe pingamizi, aliwauliza apinge nini, kwani amekosa nini. Wakasema uzee. Wakasema amechanganyikiwa, maskini, haelewi karatasi.

Tingatinga lilikuja Jumanne moja asubuhi, mimi nikiwa nimechelewa kazini kwa makusudi. Mama Mkasi alikuwa anaanika nguo. Hakupiga kelele. Aliteremsha nguo zake moja moja, akazikunja, akaziweka kwenye beseni, kisha akaenda kusimama juu ya lile jiwe. Akamwambia yule afisa, "Jiwe hili hapa, mwanangu. Mimi niko chini ya jiwe." Afisa akafungua ramani, akaiangalia, akaliangalia jiwe, akaiangalia tena ramani. Nilimwona anaona. Kisha akamwambia kwamba inayosema ni ramani, si jiwe, na akampungia mkono dereva aanze. Dakika ishirini. Ukuta wa jikoni ndio uliokawia, baba alimsaidia kuujenga.

Alitoka na beseni la nguo, sufuria, na mkasi. Mama yetu, pamoja na goti lake, alivuka hatua hizo sita akamshika mkono, akamleta ndani, akafungua mlango wa chumba chako, akasema, "Kitanda ni hiki." Hakuniuliza mimi wala hakukuuliza wewe. Kisha akatoka kibarazani akawaambia wale vijana maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua inayoweza kusomwa na watoto wako.

Basi hapo ndipo ulipoandika kila mtu abebe mzigo wake. Unajua wewe ulibebwa vipi? Unakaa huko kwenye mji wa watu, barua zako zote unalalamika jinsi wanavyokutazama ukiingia dukani, jinsi mwenye nyumba alivyokwambia chumba kimeshachukuliwa huku tangazo likining'inia dirishani. Nakuhurumia, na nimekuhurumia kweli. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ukifungiwa mlango wewe ni ubaguzi. Mama Mkasi akivunjiwa ni mzigo wake.

Alhamisi ijayo baraza la jiji linaketi kusikiliza pingamizi za nyumba arobaini zilizobaki. Bwana Rula ataeleza habari za hewa safi. Ana picha za miti, nimezipaka rangi mwenyewe. Watu wetu watasema kwamba wanaonewa, watalia, wataambiwa wana siku kumi na nne. Hakuna kati yao anayejua habari za mbu. Mimi najua, na ile karatasi ya kitambaa sikuirudisha kwenye droo. Nilitoka nayo ofisini nimeizungusha mwilini chini ya gauni, natembea kama mtu aliyevunjika mbavu, mlinzi akanipa pole. Ramani lazima ilale ikiwa imenyooka, kwa hiyo nimeitandaza chini ya godoro la chumbani kwako. Mama Mkasi analala juu yake. Hajui.

Nikiipeleka barazani na maelezo yake, mstari wote utakuwa umevuliwa nguo mbele ya watu na mbele ya waandishi. Wakili mmoja wa kujitolea, anayewasaidia watu wa darajani, ameniambia kwamba sheria mpya za nchi hazikubali mpaka uliowekwa kwa ajili ya rangi ya watu, hata uitwe jina gani. Ila itabidi nithibitishe kwamba ramani mpya ilizaliwa na hii. Na hilo linathibitishwa kwa njia moja: mchoraji asimame, aseme nilipitisha mimi, na zote mbili ziwekwe juu ya meza ya kioo na taa iwashwe.

Zikiwekwa, Kaka, zitalingana kila mahali isipokuwa sehemu tatu. Pale klabu, pana saini ya Bwana Rula. Pale darajani, pana saini ya Bwana Rula. Na pale uchochoroni kwetu, ambapo hapana saini ya mtu.

Sasa soma polepole.

Uliandika kwamba Mungu ndiye aliyeiacha nyumba yetu. Usimsingizie. Ni mimi. Kwenye ramani ile nyumba ni ndogo kuliko punje ya dengu. Nilifika na kalamu pale uchochoroni, nikaona mstari unapita kwenye jiwe, na mama yumo ndani. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi inavyofanyika. Nimeona mtu mzima mwenye shahada akiokoa farasi kwa penseli. Nikauzungusha mstari nyuma ya nyumba yetu, milimita moja na kitu. Lakini ekari lazima zifunge. Nilichokitoa ilibidi nikirudishe mahali, kiwanja kwa kiwanja, ukubwa uleule, na pale jirani palikuwa na viwanja vitatu vya kutosha. Kimoja cha fundi cherehani, mwenye wana wanne wenye vifua. Kimoja cha mwalimu mkuu, anayeandika kwenye magazeti. Na kimoja cha Mama Mkasi.

Nilimchagua, Kaka. Kalamu haikuteleza. Niliinua mkono, nikafikiri, nikamchagua yule ambaye hana mtoto mjini wa kumsemea. Kisha nikasubiri wino ukauke, nikaenda kunywa chai.

Na bado si hilo linaloninyima usingizi. Aliponipa mgongo yule kijana wa rangi nyekundu, Mama Mkasi alikuja kwangu na karatasi yake mkononi. Nilikuwa hapa hapa mezani nilipokaa sasa. Akaniambia, wewe ndiye wa ofisini, mwanangu, niambie, niende na mimi nikaandikishe? Nilijua akiandikisha watakuja kupima kutoka kwenye jiwe, na wakipima kutoka kwenye jiwe wataona. Nikamwambia asihangaike. Nikamwambia nitalishughulikia mimi. Akanishukuru, akanibariki, akavuka uchochoro akarudi kwake. Si uzee, Kaka, wala hakuchanganyikiwa. Aliniamini.

Mama huwaambia wageni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba huko ofisini lazima kuna mtu wa hapa hapa mtaani aliyetuuza, na anamaanisha Bwana Rula. Huwa ninaosha vyombo kwa sauti ili nisimsikie.

Najua utakaloniambia. Utasema funika kombe mwanaharamu apite, nyumba ya mama imenusurika, mzee keshapata pa kulala, ya nini kuchokoza. Nimejiambia hayo mwenyewe kwa miezi minane. Lakini nimechoka kuwa mbu pekee aliyevuka. Nilijidanganya kwamba nimewashinda, kumbe nilifanya kazi yao na nikaifanya kwa usafi kuliko wao, maana Bwana Rula angalau alitia saini.

Kwa hiyo Alhamisi nitakwenda na karatasi zote mbili, na nitasimama, na nitazisema sehemu zote tatu. Kazi nitafukuzwa, huenda na polisi wakaniita, hilo ni langu. Linalokuhusu ni hili. Baraza likiufuta mstari, nyumba zote zitabaki, isipokuwa ile moja. Lakini likikataa, likasema mstari ni halali ila urekebishwe ulivyokuwa, basi utarudi kwenye jiwe, na X nyekundu itapigwa kwenye ukuta wa mama. Hati ya nyumba ina jina lako, baba aliiandika hivyo. Ndiyo sababu wewe unakuwa wa kwanza kuyajua haya. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu.

Mama nitamwambia Jumatano, baada ya kula, na Mama Mkasi nitamwambia wakati huohuo, wote wawili wakiwa wamekaa. Nimejaribu kupanga maneno ya kuanzia na sijayapata. Nakuomba usiandike wala kupiga simu nyumbani kabla ya hapo. Ukitaka kunitukana, niandikie mimi kwa anwani ya ofisi, ingawa sijui itanikuta.

Kuhusu chumba chako, jibu ni hapana, hakitakuwa wazi. Ukija, wewe na wifi mtalala sebuleni na watoto watalala nami. Kama nyumba itakuwepo.

Msalimie sana wifi na umpe pole kwa kunivumilia, wabusu watoto, na yule wa pili apewe maji ya vuguvugu asubuhi. Mama anakusalimu, anasema umlete mwanao mkubwa apimwe urefu mlangoni pale mlipopimwa nyinyi. Na sasa hivi Mama Mkasi amepita hapa na beseni lake, akauliza ninamwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Amefurahi. Anakusalimu sana, na anasema usiwe na wasiwasi juu ya kitanda, akisikia umekaribia atahamia jikoni. Anasema yeye ndiye aliyekupokea mara ya kwanza ukiwa umetanguliza miguu, hawezi kushindwa kukupokea ukija umesimama.

Nimeandika kama alivyosema.

Mimi mdogo wako,
mchoraji